Umri Uko Bawani

Saa sita nafungia muhuri kwenye droo,
nashuka Kituku na kipande cha muhogo,
nakaa juu ya jiwe ambalo zamani lilikuwa moto
na ambalo mpaka leo, jua likiwaka, linachoma suruali.
Mitumbwi imeshusha sambaza. Shakwe wamejaa.

Asubuhi nzima nimeuliza swali moja tu:
alizaliwa lini?
Mama Kahambu akasema, kabla ya mlima kutapika.
Mara ipi, mama?
Akatazama dari, akahesabu misimu ya maharage kwa vidole,
akasema: mwanangu alikuwa ndio anaanza kutambaa,
nilimfunga mgongoni asije akashika ardhi ya moto.
Nikaandika mwaka. Mkono haukutetemeka.
Nusu ya foleni yangu imezaliwa tarehe moja Januari;
siku hiyo, naona, wakunga wa Goma hawalali.
Hata mimi.

Shakwe haniletei shahidi.
Yule pale, karibu na beseni la kijani:
mgongo wa kahawia, kila unyoya na ukingo wake mweupe,
kama magamba, kama vigae,
na hakuna hata mmoja uliochakaa.
Manyoya yote ya siku moja, ya kitambaa kimoja,
sare ya darasa la kwanza wiki ya kwanza ya shule.
Hajamaliza miezi minne.
Naandika kwa penseli nyuma ya fomu iliyoharibika.

Mwenzake ameanza kuvua.
Mgongo umekwisha kuwa majivu, mzuri,
ila bawani umebaki mstari wa kahawia uliopauka,
umeliwa na jua,
na mkiani utepe mweusi,
kama mtu aliyepandishwa cheo
bado hajapewa viatu.
Mwaka mmoja.

Wa tatu alinidanganya Jumanne nzima.
Miguu myekundu, kichwani kofia ya kijivu, maringo tele.
Nikaandika: mtu mzima.
Kisha wanawake wakamfukuza, akafungua mabawa,
nikaona ncha nyeusi kupita kiasi, matone meupe madogo mno,
na jicho, alipogeuka, lilikuwa bado la kiza;
jicho la mkubwa limepauka kama maziwa yenye maji.
Nikafuta. Miaka miwili.
Kijana ndani ya koti la baba yake.

Sikufundishwa na mtu. Ni kutazama tu,
na kukosea, na kurudi kesho.
Nilichokielewa mwisho kabisa ni hiki:
hawavui yote kwa pamoja.
Unadondoka mmoja kushoto na mwenzake kulia,
kutoka ndani kwenda nje, polepole,
mpya ukisukuma, wa zamani ukishikilia zamu,
ili ndege asikose kuruka hata siku moja.

Leo asubuhi shangazi mmoja alileta mvulana, Tumsifu.
Karatasi zilibaki nyumbani, na nyumba ilibaki huko.
Miaka tisa, akasema shangazi. Labda kumi. Mwandikie kumi.
Nikamwambia mtoto apitishe mkono juu ya kichwa
ashike sikio la upande wa pili, kama walivyotufanyia sisi.
Vidole viligusa sikio, kwa shida.
Ndipo akacheka.
Juu, meno mawili ya mbele hayapo, kushoto na kulia;
chini mawili mapya yamesimama,
makali yake bado ya msumeno,
hayajatafuna miaka.
Saba, nikasema.
Shangazi akanikazia macho: umejuaje?
Nikashindwa kumtajia shakwe.

Kwenye jiwe, karibu na kiatu changu, kuna unyoya wa bawa,
wa kahawia, ncha imesagika kama ufagio wa zamani.
Mwenye nao yuko juu ya ziwa, anaruka na pengo.

Saa saba na robo. Napanda.
Foleni imejinyoosha tena hadi kwenye geti,
na wa kwanza ni mzee mwenye fimbo
anayetaka kuzaliwa mwaka wowote,
mradi iwe leo.